Mbuzi iache nyumbani, hiliki usisahau

Juzi kijana mmoja wa Micheweni, hapa hapa kwetu Pemba, kaniandikia: "Assalamu alaykum kaka. Nimepata nafasi ya kusoma Uingereza, naondoka Septemba. Eti mbuzi inapita uwanja wa ndege?"

Kwa muda nikamwona anamburuta beberu na kamba mpaka mbele ya afisa wa pasipoti. Halafu ndiyo nikafahamu kuwa anasema mbuzi ya kukunia nazi. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka, maana mwaka niliosafiri mimi nilimuuliza ami yangu swali hilo hilo, na jibu lake lilikuwa, "Wewe wenda kusoma, yakhe, hwendi kupika." Nikamwamini. Miezi mitatu ya mwanzo nilikula mkate wa dukani na maharage ya kopo mpaka suruali zikawa hazinigandi kiunoni.

Jibu fupi nilishampa: inapita, ila iwe kwenye begi la chini, si la mkononi, kwa sababu ya yale meno yake. Na bora aiache. Jibu refu ndilo hili. Naliandika nimekaa barazani kwetu Wete, mwezi wa pili huu tangu nirudi baada ya miaka saba ya Leicester, Uingereza. Jumapili iliyopita kuna jambo limetokea jikoni kwetu, nalo nitalieleza mwisho, msije mkasema nimeanza kujisifu mapema.

Nianze na begi. Mama alinifungia karafuu, mdalasini wa magome, hiliki, pilipili manga, uzile, mfuko wa dagaa, na chupa ya samli ya ng'ombe aliyoizungushia kanga mbili isivunjike. Viungo na dagaa vilipita. Samli haikupita. Kule nyama, maziwa na chochote kitokanacho navyo haviruhusiwi kuingia na abiria kutoka nchi kama yetu, na mimi sikuwa na habari. Yule bwana mwenye glavu aliifungua, akainusa, akanitazama, nikaona kabisa kwamba anajua anatupa kitu kizuri, kisha akaitupa. Mama sijamwambia mpaka leo. Kama kuna mtu anamsomea haya, basi mama, ndiyo hivyo. Kanga zilisalimika.

Kwa hiyo kijana wangu, viungo vikavu chukua, na hiliki chukua nyingi kuliko unavyofikiri. Samli usijaribu.

Sasa nikwambie kosa langu kubwa, nalo halikuwa la upishi. Niliamini kuwa nimefika nchi isiyo na chakula chetu, na kiburi kikanizuia kuuliza. Kumbe Leicester imejaa Wahindi waliotoka kwetu huku Afrika Mashariki, hasa Uganda, pale Idi Amin alipowapa siku 90 wawe wameondoka, mwaka 1972. Waliondoka na mapishi yao, na maneno yetu wakayachukua. Nenda Belgrave Road, fungua friza ya duka lolote, utakuta mfuko umeandikwa "mogo". Nilipita mbele ya mfuko ule mara sijui ngapi nikidhani ni jina la kampuni. Ni muhogo! Umemenywa, umekatwa, unakungoja. Kachumbari nayo wanaiita kachumbari. Wanacho na kitu wanakiita "kuku paka", na ukionja tu unajua kuwa ni kuku wa kupaka aliyepotelewa na viungo viwili njiani. Mtoto wa Wete nimekonda, na mihogo iko mwendo wa dakika 20 kutoka kitandani kwangu.

Halafu kuna usiku wa king'ora. Ilikuwa Disemba, nimepata samaki wa aina ya vibua, nikawapaka chumvi, ndimu, thomu na pilipili, nikaingia nao jiko la pamoja saa tano usiku nikitumai wenzangu wamelala. Mafuta yakapata moto, samaki wa kwanza akaingia, moshi ukapanda, na nyumba nzima ikaanza kulia. Kule king'ora kikilia hubembelezi, mnatoka wote. Tulikuwa watu hamsini na zaidi nje kwenye baridi, mimi nimevaa kikoi na koti, ndara miguuni, mwiko mkononi. Zimamoto walikuja wamekamilika. Mmoja wao akaniuliza kwa upole ni samaki gani huyo. Asubuhi nikakuta karatasi imebandikwa kwenye friji, haina jina wala neno, ni picha ya samaki tu amepigwa mkasi wa wino mwekundu.

Nilijifanya nimecheka. Lakini miezi sita sikupika samaki, na kodi ya jiko lile nilikuwa nalipa sawa na wao. Ushauri hapo: fungua dirisha kabla ya kuwasha moto, funga mlango wa ukumbini, na samaki mchome ndani ya oveni, usimkaange.

La wali ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu lilitoka kwa wetu. Siku ya Idi tulikusanyika Wazanzibari mji mwengine, kila mtu kaambiwa aje na chungu chake, mimi nikapangiwa wali wa nazi. Nikafungua makopo manne ya tui, nikamimina yote juu ya mchele kwa mpigo, nikaweka moto mkali, nikaenda kuoga. Chini ulishika, katikati ulikuwa bokoboko, juu mbichi, na mafuta yanaelea. Mzee mmoja wa Unguja akainua kijiko, akakigeuza, wali ukabaki umening'inia, akasema mbele ya watu, "Huu wali ama uji wa mgonjwa?" Watu wakacheka. Mwengine akaupiga picha. Kabla sijafika nyumbani picha iko kwenye kundi la simu, na chini yake: "Mpemba huyu!" Miaka sita imepita na kava la simu iliyopiga picha ile nalikumbuka, lilikuwa la kijani. Jina silitaji. Mwenyewe anajijua, na akija Wete nitamkaribisha wali.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya rafu ya makopo nikitafuta kopo la aina nyengine, maana bado niliamini kosa ni la kopo lile. Nyuma ya kaunta palikuwa na bibi mmoja wa Kihindi, sari na sweta juu yake. Akanitazama, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akabadilisha lugha papo hapo: "Hiyo kopo ya nini? Chukua nazi ya barafu." Mimi kimya. Miezi mitano sijasikia Kiswahili cha mtu mzima ana kwa ana isipokuwa siku ile ya kuchekwa. Alizaliwa Jinja, aliondoka msichana. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na sokoni, ngeli hana habari nazo: "Maji moto, kamua, tui mzuri." Profesa wangu hakuwahi kunifundisha jambo kwa maneno machache hivyo.

Basi andika hapa. Nazi ya barafu ni nazi iliyokwisha kunwa, inauzwa kwenye mifuko, iko friza. Iache ilegee, itie kwenye blenda na kikombe kimoja cha maji ya moto yasiyochemka, saga kidogo, kamua kwa kitambaa safi. Hilo ni tui zito, liweke pembeni. Rudia na vikombe viwili, hilo tui jepesi. Wali unapikwa kwa tui jepesi na chumvi, na likikaribia kukauka ndiyo unamwagia lile zito, unageuza mara moja, unafunika. Makaa ya kupalia juu ya mfuniko hutayapata, kwa hiyo funika sufuria kwa karatasi ya foili, itie oveni moto wa 150, robo saa. Ni kupalia huko huko, makaa ndiyo hayapo. Mchuzi wa pweza ni utaratibu ule ule: jepesi mwanzo, zito mwisho, na likiingia zito usiache kukoroga, likichemka kwa nguvu linakatika. Ya kopo si haramu, lakini usianze nayo. Nasema tena, nazi ya barafu.

Miaka miwili iliyofuata nairuka. Nilisoma, na zile saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa mwanafunzi nilizifanya ghalani. Hamna la kusimulia kuhusu maboksi.

Jambo ambalo najivunia, na sitaomba radhi, ni mkate wa kumimina. Nilijifunza kwa simu. Kipupwe cha kule, saa tatu asubuhi yangu ni saa sita mchana ya Wete, mama ameshamaliza shughuli za asubuhi, simu anaiegemeza kwenye mtungi. Shida ni kwamba mama hana vipimo. Sukari kiasi gani? "Kiasi." Tui kiasi gani? "Mpaka ukiona." Nikiona nini, mama? "Ukiona, utaona." Jumamosi ya kwanza ulitoka jiwe. Ya pili ulitoka mbichi ndani. Ya tatu mama akachoka na maneno, akasema, "Nionyeshe povu lake." Nikainamisha simu juu ya bakuli. Akatazama kimya, kisha: "Hilo povu la sabuni. Nataka povu la bahari, lile linaloganda mchangani." Nikafahamu mara moja, na wewe uliyekulia pwani umeshafahamu. Vitundu vikubwa vinavyopasuka haraka bado. Ukiona vidogo vidogo, vimeshikana, ukigusa vinarudi taratibu, hapo tia ute wa yai uliopigwa na umimine.

Vipimo nilikuja kuvitafuta mwenyewe: mchele vikombe viwili ulale majini usiku kucha, usagwe na kikombe kimoja na nusu cha tui zito mpaka ukiusugua vidoleni huhisi chenga, hamira kijiko cha chai, hiliki, uumuke kama saa moja. Sukari robo tatu ya kikombe, na itie baada ya kusaga. Sufuria ipakwe mafuta, ipate moto kwanza, umimine, dakika chache juu ya jiko pembeni pashike, kisha oveni moto wa 180. Mwisho uwashe ule moto wa juu upate wekundu. Usiondoke hapo, unaungua ukipepesa jicho.

Jumamosi ya nne mlango ukagongwa. Nikajua ni malalamiko, mkono tayari uko dirishani. Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, ambaye mwaka mzima tulikuwa tunaitikiana kwa kichwa tu. Kumbe ni mtu wa Barawa, pwani ya Somalia, nyumbani kwao wanasema Chimwini, binamu wa Kiswahili chetu. Harufu ya hiliki ndiyo iliyomshusha ngazi. Alikula vipande vitatu amesimama. Tangu siku ile kila Jumamosi alikuja, akaleta na wenzake, na mimi nikaacha kuhesabu siku zilizobaki.

Sasa nyinyi mnaojiandaa, nisikilizeni. Nawaona mkifika mnakula kuku wa kukaanga wa boksi siku tano kwa wiki, halafu mnaandika usiku wa manane kuwa ugenini hakukaliki. Utakalikaje na hujawasha jiko? Chagua siku moja, chungu kimoja, mgeni mmoja. Jumamosi ni bora, kwa sababu Jumapili England maduka makubwa yanakuwa wazi kwa muda wa saa sita tu, ukizembea umelala bila kitunguu. Pika kingi, gawa kwenye vibweta, gandisha, wiki yako imekwisha. Lakini mgeni asikose. Mwanamme kuingia jikoni si aibu. Shughuli zetu hizi biriani la watu mia tano nani anayelikoroga kama si wanaume? Ila nyumbani kwake mwenyewe chai hajui kuchemsha. Na wewe unayecheka wali wa mwenzio na kuupiga picha, siku moja nawe utapangiwa chungu.

Na nazi ya barafu. Nimeshasema, lakini mtu wa mwisho niliyemwambia alinunua ya kopo.

Haya, Jumapili iliyopita. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Konde, nikamwambia mama akae, mkate leo wangu, tena kwa makaa. Nazi nimekuna mwenyewe, juu ya mbuzi ile ile. Povu likawa la bahari, nikamwita mama aje ashuhudie. Nikamimina, nikapalia makaa juu ya mfuniko, na ulipoiva akaniambia nende nikaoge, yeye ataukata. Nilipotoka uko sahanini, mwekundu juu, mweupe ndani. Khalati yangu akatia kipande mdomoni, akatia cha pili, akamuuliza mama kaununua kwa nani. Mama akanielekeza kidole. Usiku ule nilipata tabu kulala kwa furaha.

Jumatatu asubuhi nimetoka uani na kikombe cha chai, nikakuta kuku wanagombania maganda meusi, mazito, ya duara kamili ya sufuria. Mama alikuwa anafagia upande wa pili, kanipa mgongo.