Jina la folda linapoota mkia

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Ninaandika programu kwa lugha ya Go, kwenye kompyuta ya Linux, ili kuweka taarifa za majahazi ya kila kijiji. Majina nayasoma kutoka mstari mmoja, "Shela,Faza,Matondoni", nayakata kwa `strings.Split`, kisha naita `mkdirat`, agizo la Linux la kuunda folda, moja kwa moja kwa anwani ya jina kwenye kumbukumbu, ninayoipata kwa `unsafe.StringData`. Folda ya Matondoni hutoka sawa, lakini ya Shela hutoka ikiitwa "Shela,Faza,Matondoni". Mbona `write` huliandika jina lilelile kwenye skrini bila kasoro?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu msomaji. `write` hupewa anwani pamoja na idadi ya baiti, kwa hiyo kiini cha Linux (kernel, sehemu ya mfumo inayotekeleza maagizo ya programu) husoma baiti 5 za Shela na kukomea hapo. `mkdirat` hupewa anwani ya jina bila urefu wake, na kwa desturi iliyorithiwa kutoka Unix na lugha ya C za miaka ya 1970, kiini huendelea kusoma mpaka kikute baiti yenye thamani ya sifuri. Stringi ya Go, yaani kipande cha maandishi, haina sifuri hiyo; ni anwani na urefu, basi. Tena `strings.Split` hainakili vipande, bali kila kipande huelekeza ndani ya mstari uleule, ndiyo maana baada ya Shela kiini kilikuta mkato na kuendelea mbele. Matondoni lilinusurika kwa sababu ni la mwisho, na baiti iliyolifuata ilitokea kuwa sifuri. Usilitegemee hilo hata siku moja.

Tumia `syscall.BytePtrFromString`, ambayo hunakili jina mahali papya, huongeza sifuri mwishoni, na kurudisha kielekezi (anwani ya nakala hiyo) pamoja na taarifa ya kosa. Kosa hilo, `EINVAL`, hutokea jina likiwa na sifuri ndani yake, nami nakusihi usilipuuze: programu inayohakiki kwamba jina lililotumwa na mtu linaishia kwa `.jpg` huweza kulikubali jina zima, ilhali kiini kitaona sehemu iliyotangulia sifuri tu, na faili ikaundwa kwa jina ambalo hakuna aliyeliidhinisha.

Kielekezi nacho kigeuzwe kuwa `uintptr`, yaani anwani kama namba tupu, ndani ya mabano ya mwito wenyewe wa `mkdirat`. Ukikiweka kwanza katika kigeu cha `uintptr`, Go itakiona kuwa ni namba tu, na mkusanyaji taka wake, anayeachilia kumbukumbu isiyotumika tena, anaweza kuiachilia kumbukumbu ile kabla kiini hakijaisoma; hitilafu ya namna hiyo hujitokeza mara moja moja na ni ngumu mno kuinasa.

Katika Windows majina hupelekwa kwa UTF-16, namna ya kuandika herufi kwa vizio vya biti 16, na funksheni yake ni `UTF16PtrFromString`. Kwa programu watakayoitumia manahodha, ita `os.Mkdir`, ambayo hukufanyia yote hayo katika mifumo yote miwili.