Maswali ya Wasomaji: Oksijeni kwa Lita, Oksijeni kwa Kilo

SWALI: Maabarani kilele changu cha matumizi ya oksijeni kimeandikwa 3.1, cha mwenzangu 3.96. Nimegawa 3.1 kwa kilo zangu 62 nikapata 0.05, ilhali majedwali yana namba kama 40 au 50. Nimekosea wapi?
– Mwanafunzi wa sayansi ya michezo

JIBU: Umesahau 1,000. Hiyo 3.1 ni lita kwa dakika, za mwili mzima. Majedwali hutumia mililita kwa kila kilo kwa dakika. Zidisha kwanza: 3.1 × 1,000 = 3,100. Kisha gawa: 3,100 ÷ 62 = 50. Ukitaka kurudi kwenye lita, 50 × 62 ÷ 1,000.

Mwenzako, kama ana kilo 88, anapata 45. Anatumia oksijeni nyingi kuliko wewe, ila amebeba mwili mzito zaidi. Kwenye mbio au kupanda mlima, nafuu ni yako. Kwenye kupiga makasia, ambako mashua ndiyo inayobeba uzito, heri yeye.

Uzito upimwe siku ileile ya kipimo. Ukiandika 66 badala ya 62, ile 50 inashuka hadi 47, na hakuna pafu lililobadilika. Mizani ikisoma paundi, gawa kwa 2.2046. Desimali nazo usizikate mapema: 3.1 ukiifanya 3 unaishia 48.4.

SWALI: Nimepungua kutoka kilo 80 hadi 74, na VO2max (kilele cha matumizi ya oksijeni, kwa kila kilo) imepanda kutoka 40 hadi 43.2. Je, moyo wangu umepata nguvu?

JIBU: Namba hizo hazionyeshi hivyo. Zirudishe kwenye lita: 40 × 80 ÷ 1,000 = 3.2, 43.2 × 74 ÷ 1,000 = 3.2. Kilichobadilika ni kigawanyo, yaani uzito wako. Faida ipo, na si ndogo, maana utakimbia kwa wepesi zaidi. Lakini uwezo wa moyo na misuli kusafirisha na kutumia oksijeni umebaki palepale. Ndiyo maana ripoti nzuri huandika namba zote mbili pamoja na uzito. Hakikisha pia vipimo vyote vilifanywa kwa mashine ya aina moja, kwa kuwa baiskeli huwapa watu wengi kilele cha chini kuliko mashine ya kukimbilia.

SWALI: Zoezi langu linatumia mililita 30 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika. Nizidishe kwa 5 nipate kilokalori?

JIBU: Hapana, 5 ni ya lita: kila lita ya oksijeni hutoa kama kilokalori 5. Kwa mtu wa kilo 70: 30 × 70 ÷ 1,000 = lita 2.1 kwa dakika, mara 5 ni kilokalori 10.5, nusu saa, 315. Hata hiyo 5 ni makadirio: lita moja hutoa takriban 4.7 mwili ukichoma mafuta matupu, na takriban 5.05 ukichoma wanga.