Dada uliyehamia Kampala, anza kwa kuwauliza marafiki kazi zao

Dada pole, nimekuelewa, umetoka Arua na unaona marafiki wapya ni stori na kucheka tu hujifunzi kitu. Mi ningeanza kwa kuwauliza kazi zao, yule anayeuza nguo soko la Owino muulize mtaji anaupangaje na akipata hasara anafanyaje, wa boda muulize pikipiki alimaliza kuilipa vipi, watu wanapenda sana kuulizwa jambo wanalolijua we sikiliza usimkate. Lile lililokugusa liandike kwa simu. Ila rafiki akikwambia weka hela kwa biashara ya faida ya haraka haraka kataa, hata kama mnapendana sana. Na huko kukosa usingizi na kulialia ulikotaja, marafiki peke yao hawatoshi, nenda kituo cha afya mapema, wakiona inafaa watakutuma Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili.