Waliokuwa Wakifunga Gunia

Mheshimiwa Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza ni nani, wa zamani au wa sasa, anayefaa kuwekwa mbele ya watumishi wa umma awe kielelezo cha dhamiri. Mimi ni Mkatoliki wa Malindi, karani mstaafu, na jibu langu ni Mtakatifu Thomas More, mwanasheria wa London aliyekatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535 baada ya kukataa kiapo cha Mfalme Henry VIII. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa mwaka 2000, mwaka uleule lilipoundwa jimbo letu la Malindi, ila simchagui kwa sababu hiyo.

Wala simchagui kwa kifo chake. Vifo vya mashahidi tunahubiriwa tangu utoto, na karani akishasikiliza na kutikisa kichwa hurudi ofisini Jumatatu asione yanamhusu nini. More ananihusu kwa sababu alikuwa mtu wa karatasi.

Tarehe 13 Aprili 1534 aliitwa Lambeth, kwenye jumba la Askofu Mkuu wa Canterbury, aape kwa sheria mpya ya urithi wa kiti cha enzi. Kabla ya kusema lolote aliomba aonyeshwe kiapo, akakisoma kimya kimya, kisha akaomba na sheria yenyewe, akalinganisha maandishi haya na yale. Ndipo akaeleza kwamba kuhusu nani arithi kiti yuko tayari kuapa, lakini kiapo kile kama kilivyoandikwa hawezi kukiapa, na kwamba hamlaumu yeyote aliyekiapa. Wakamwambia ashuke bustanini akafikiri. Hakushuka. Alibaki katika chumba cha kale kilichowahi kuungua, chenye kutazama bustani, na sababu anayomwandikia binti yake Margaret ni kwamba kulikuwa na joto. (Joto la Uingereza mwezi wa Aprili! Sisi wa Malindi tuna la kusema hapo, lakini tuyaache.) Toka juu aliwatazama wengine wakitembea na kucheka, na mapadre wa mji wakiitwa kwenda kuapa.

Hapo ndipo ninapomkubali. Wengi wetu tuliokula mshahara wa serikali tumetia saini palipoelekezwa kidole, na karatasi tumeisoma baadaye, kama tuliisoma. Yeye alijua ni mstari upi unaomshinda na upi haumshindi, na hakufanya kelele kwa ule usiomshinda. Hata alipojiuzulu uchansela, cheo cha juu cha sheria chini ya mfalme, tarehe 16 Mei 1532, siku moja baada ya maaskofu kumwinamia mfalme katika mambo ya sheria za Kanisa, alirudisha muhuri wa cheo hicho akasema afya yake si nzuri, basi. Hakuwa anatafuta kufa, na kila mlango ambao sheria ilimwachia alijaribu kuutumia.

Katika mambo madogo alikuwa vilevile. Mkwewe, William Roper, mume wa Margaret, anasimulia habari za mama mmoja aliyeshinda kesi mbele yake, akamletea zawadi ya mwaka mpya: glavu zenye sarafu za dhahabu za pauni 40 ndani yake. More alipokea glavu, kwa kuwa kuikataa zawadi ya mwanamke siku ya mwaka mpya si adabu, na fedha akazirudisha. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri. Kifungu ni kizuri, ila cha kutenganisha glavu na sarafu hakina budi kuwa mkono wa mtu.

Nilipomweleza haya Maalim, jirani yangu wa barazani hapa Shela, alikunywa kahawa yake mpaka kikombe kikaisha. “Bwana Karani,” akasema, “na huyo mtakatifu wenu, alipokuwa na madaraka yeye, dhamiri za watu wengine alizifanyaje?” Lilikuwa swali la haki. Katika uchansela wake watu 6 walichomwa moto kwa uzushi wa dini, na yeye aliitetea sheria hiyo kwa kalamu yake. Sikuwa na jibu la kumpa Maalim, na sina hata leo, kwa hiyo mfano ninaoutoa ni wa mtu mwenye doa, na doa lenyewe si dogo.

Lakini kuna watu wawili katika kesi yake ambao huwafikiria kuliko ninavyomfikiria yeye. Juni 1535 maafisa watatu waliingia katika chumba alimofungwa, ndani ya mnara wa London, kumnyang'anya vitabu vyake. Mmoja, Richard Rich, alianza mazungumzo naye, na mazungumzo hayo, kama Rich alivyokuja kuyaeleza chini ya kiapo, ndiyo yaliyomtia hatiani. Wale wengine wawili, Southwell na Palmer, waliitwa mahakamani waseme walichosikia. Palmer akajibu kwamba alikuwa ameshughulika kutia vitabu katika gunia, hakuyasikiliza maneno. Southwell akasema yeye alitumwa kuangalia vitabu tu.

Miaka mingi iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, mkubwa wangu aliingia masijala na mgeni wake, akaomba faili ya kiwanja. Nilikuwa mezani nikifunga mafaili mengine kwa utepe, na kila neno lilinifikia, ukurasa upi utoke na upi uingie. Nikaendelea kufunga, fundo juu ya fundo, kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha kabla wala baada ya siku ile.

Miezi ilipita, akaja bibi mmoja wa makamo. Alifungua pindo la leso, akatoa stakabadhi iliyokwisha kuchakaa kwenye mikunjo, akaitandaza juu ya meza yangu kwa viganja viwili. “Mwanangu,” akasema, “wewe si ulikuwapo humu?”

Nilimjibu kwamba siku ile nilikuwa na kazi nyingi.

Msomaji wenu,
Malindi