Kipanya kikirukaruka kwenye Linux, usikitupe bado

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ana ofisi ya kuchapa na kutoa fotokopi. Kompyuta zake mbili zinatumia kipanya kimoja kupitia kisanduku cha kubadilishia. Kila akirudi kwenye mashine ya Linux, mshale unakimbilia pembeni na menyu zinajifungua zenyewe. Fundi amemwambia anunue kipanya kingine. Ndugu yangu, pesa hiyo nunulia karatasi. Inaniuma kuona watu wakitupa vipanya vizima.

Kipanya cha PS/2, kile cha plagi ya mviringo, kikiwashwa hutuma baiti 3 kwa kila mwendo: ya vitufe, ya kulia na kushoto, ya juu na chini. Baiti ya 4, ya gurudumu, lazima iombwe. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hukiwekea kasi 200, 100, kisha 80, halafu hukiuliza namba yake. Kikijibu 3 badala ya 0, gurudumu limekubaliwa. Sasa geuza kisanduku, au umeme uyumbe kidogo: kipanya kinaanza upya na baiti 3, kerneli bado inangoja 4. Baiti ya vitufe inasomwa kama gurudumu, na baiti ya mwendo inasomwa kama vitufe. Ndiyo maana kinabofya bila mkono wa mtu.

Fungua terminali, uandike `dmesg | grep psmouse`; psmouse ndiyo sehemu ya kerneli inayoendesha kipanya cha PS/2. Ukikuta "lost synchronization", ugonjwa ni huo. Kipanya cha USB hakihusiki hapa.

Dawa ya haraka, ukiwa root (mtumiaji mkuu wa mashine):

`echo -n reconnect > /sys/bus/serio/devices/serio1/drvctl`

Namba ya serio, yaani ya tundu la kipanya, inaweza kuwa nyingine kwako. Itazame kwenye mstari wa Sysfs ndani ya `/proc/bus/input/devices`.

Dawa ya kudumu ni kuizuia kerneli isiombe mengi. Fungua faili `/etc/modprobe.d/psmouse.conf`, uandike `options psmouse proto=imps`. Visanduku vingi vinaelewa gurudumu ila vinachanganywa na vipanya vya vitufe 5, kwa hiyo anza na hiyo. Kikiendelea kuruka, weka `proto=bare`: gurudumu litakufa, lakini baiti zitabaki 3 pande zote na mshale utatulia. Kwenye Debian na Ubuntu endesha `update-initramfs -u` kabla ya kuwasha upya. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanasema dawa haifanyi kazi. Kama psmouse imejengwa ndani ya kerneli yenyewe, faili hilo halisomwi: ongeza `psmouse.proto=bare` kwenye mstari wa kerneli katika `/etc/default/grub`, halafu `update-grub`.

Kwenye laptop usiguse mpangilio huu. Pedi nyingi za kugusa zinatumia psmouse hiyohiyo, na `bare` itakunyang'anya kusogeza ukurasa kwa vidole viwili. Na plagi ya PS/2 usiichomoe mashine ikiwa inawaka. Tundu lake linaweza kuungua, na hapo hakuna amri itakayolifufua.