Jibu: Kuingia baraza la shule ya Kikatoliki, Ontario

Dada, umeuliza kama mzazi aliyehamia Ontario, Kanada, juzi tu, na Kiingereza bado kinamsumbua, anaweza kuingia baraza la shule ya Kikatoliki anakosoma mwanawe. Anaweza, na nakusihi ugombee. Kanuni ya mkoa namba 612/00 inataka wazazi wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote, na mwenyekiti atoke kwao. Uchaguzi hufanyika ndani ya siku 30 za kwanza za mwaka wa masomo, kwa kura ya siri, kwa hiyo Septemba usilale. Hakuna posho.

Asiye na mtoto pale, tuseme mwanakwaya wa parokia, huingia kama mwakilishi wa jamii. Huyo huteuliwa na baraza lenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mwalimu mkuu huhudhuria vikao lakini hapigi kura. Baraza hushauri tu, haliamui, ila yeye analazimika kuyazingatia mapendekezo na kuwajibu amefanya nini. Hapo ndipo penye nguvu, dada yangu. Vikao ni visivyopungua vinne kwa mwaka na viko wazi kwa yeyote. Anza kwa kwenda kusikiliza kimoja.