Kitambaa laini, herufi 8

Mmeuliza wiki hii kama mafumbo ya maneno magazetini yamekuwa mepesi mno. Mimi wepesi haunikeri. Kinachonikera ni uvivu wa vidokezo, hasa vya vitambaa na ngozi. Kila kitu "laini": hariri laini, atilasi laini, sufu laini, ngozi ya mbuzi laini. Mtunzi anahesabu herufi tu, basi kamaliza.

Nilikuwa Keko, Dar es Salaam, kwa fundi wangu wa sofa, nangoja makochi yavalishwe upya. Vijana wake walikuwa na gazeti, wamekwama kwenye 7 mlalo: "Kitambaa laini, herufi 8". Wamejaribu hariri, vimebaki visanduku viwili. Fundi, ambaye mafumbo hayamhusu hata kidogo, akasema bila kuinua kichwa: "Velveti." Wakahesabu. Saba. Kisanduku kimoja kitupu.

Mzee alikasirika kana kwamba ameambiwa hajui kazi. Akaweka mkasi chini, akaokota kipande mezani, akatupapasisha mmoja mmoja. Ukipeleka mkono huku, unateleza. Ukiurudisha, kitambaa kinaukataa, na pale ulipopita rangi imekoza. "Sasa hiyo laini yenu ni ya upande upi?" Akatueleza kwamba vile vinyweleo ni nyuzi zilizokatwa zikasimama, na zote zimelalia upande mmoja. Ndiyo maana vipande vya kochi zima lazima vikatwe vikielekea kumoja, hata kama kitambaa kitapotea, la sivyo mteja atakuja juu kwamba umemchanganyia aina mbili. Hapo keshapamba moto, akaingia kwenye ngozi: ipindue uone nyuma, ukikuta kitambaa kimefumwa, ni bandia. Na ile ya viatu yenye manyoyamanyoya mara nyingi ni upande wa ndani wa ngozi, umesuguliwa. Kazi ilisimama. Makochi yangu yalikaa uchi pale mlangoni, na wala sikulalamika.

Mama mmoja aliyekuja kuulizia bei ndiye aliyesema, "Si mahameli hiyo, baba?" Ikaenea.

Nilikaa kuandika nikitaka neno "laini" lipigwe marufuku kwenye vidokezo. Kidokezo cha haki kingekuwa "ukikipapasa kinyume hukoza rangi". Lakini kingeandikwa hivyo, fundi angejibu, vijana wangejaza, mama yule angeuliza bei akaondoka zake. Kwa hiyo, kwa shingo upande, nasema yaacheni yawe mepesi, hata mavivu kidogo, angalau kwa sisi tunaoyajaza tukiwa kundi. Anayejaza peke yake usiku ana haki ya kunipinga.

Ila hapa siregezi: mkiandika "Laini, hujaziwa mito, herufi 4", hakikisheni herufi ya mwisho inakatizwa na neno la wima. Bila hivyo aliyejaza SUFI, ile ya mti wa msufi, na aliyejaza SUFU, ile ya kondoo, wote wako sawa, na jibu la wiki ijayo litamwonea mmoja wao.